Kuondoa Makorokoro Nyumbani na Kuyapa Kazi Mpya: Mwongozo Kamili

Watu wengi huianza kazi hii Jumamosi asubuhi kwa ari kubwa, wakatoa kila kilichomo stoo na uvunguni mwa vitanda, wakavimwaga sebuleni, na magharibi inapoingia wakavirudisha vile vile kwa sababu watoto wanahitaji pa kulala. Wengine hufika mbali zaidi: huchambua, hufunga viroba na kuviweka nyuma ya mlango, ambako hukaa miezi kadhaa hadi siku mtu anapotafuta sweta, akavifungua, na kila kitu kikarejea kabatini.

Wote hao hukwama mahali pamoja. Huhesabu kwamba kuchambua ndiyo kazi yenyewe, ilhali kazi humalizika pale tu kitu kinapovuka kizingiti cha nyumba au kinapoanza kutumika upya. Ndiyo maana katika hatua zote zilizo hapa chini kila kitu kinachoondolewa hupangiwa mtu na tarehe. Mfano uliotumika ni nyumba ya familia mjini, ya vyumba viwili au vitatu, kama zilivyo nyingi Dar es Salaam, ambamo stoo ni ndogo au haipo kabisa na mizigo hupanda juu ya kabati.

## Mahitaji

Vitu hivi vikusanywe kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa kwenda dukani katikati ya kazi ndiko kunakoivunja.

- Viroba vitano safi vya mchele au unga, na maboksi mawili imara
- Daftari, maka peni na selotepu pana
- Glavu za mpira, barakoa, ndoo mbili, sabuni ya unga na jiki
- Mkasi mkali, sindano nene, uzi imara, kisu na msumari mrefu
- Kopo la bati lenye mchanga mkavu, kwa ajili ya betri mbovu
- Sumaku, ile ya spika ya redio iliyokufa inatosha
- Mizani ya kuning'iniza, ukiweza kuazima kwa muuza duka

Chagua kipindi cha jua, yaani Januari na Februari kabla ya masika, au kuanzia Juni mvua zikishakatika. Magodoro, nguo na karatasi zilizokaa stoo hubeba unyevu, na ukizifunga bila kuzianika zitaota koga ndani ya kiroba kabla hazijamfikia mtu.

## Hatua ya 1: Patana na wenye vitu

Waulize wote wanaoishi ndani ya nyumba, pamoja na vijana, kila mmoja ataje vitu vyake ambavyo havitaguswa. Sababu yake ni ya vitendo: kitu kilichotolewa bila ridhaa ya mwenyewe huzua ugomvi, na baada ya ugomvi mmoja hakuna tena atakayekubali kabati lake lifunguliwe.

Mali ya marehemu inahitaji uangalifu wa pekee. Nguo, saa, redio au cherehani ya mzee aliyefariki si vya yule aliyebaki navyo chumbani, bali ni sehemu ya mirathi mpaka warithi wagawane au wakubaliane. Viweke pamoja, viandikwe katika daftari, vipigwe picha, kisha uitishwe mkutano wa ndugu. Usitoe hata kanga moja, ijapokuwa nia ni sadaka.

Ukifaulu hapa utakuwa na ukurasa mmoja wenye majina ya watu na vitu vyao visivyoguswa.

## Hatua ya 2: Anzia jikoni

Usianzie kwenye picha, barua wala nguo za watoto walipokuwa wachanga, kwa maana hivyo hurudisha kumbukumbu, na saa nzima hupita bila kitu kuamuliwa. Jikoni hakuna machozi. Kopo lisilo na kifuniko ni kopo lisilo na kifuniko, na hukumu yake ni ya papo hapo, jambo ambalo huzoesha mkono na akili kuamua.

Weka vifuniko vyote upande mmoja na vyombo vyote upande wa pili, uvioanishe, kisha visivyo na mwenzake vitolewe. Sufuria zilizotoboka zitengwe kwa ajili ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine huhimiza mtu abaki na sahani nne na sufuria mbili, na ushauri huo haufai hapa: nyumba zetu huandaa shughuli, hupokea wageni bila taarifa, na hukaa siku kadhaa bila maji ya bomba. Kipimo sahihi ni siku nzito kuliko zote. Hesabu madumu unayohitaji maji yakikatika siku tatu, na sahani unazohitaji ndugu wakija msibani, uziache. Zinazozidi hapo ndizo ziada.

Masufuria ya kupikia pilau la watu mia, majamvi na viti vya plastiki vinavyotumika mara moja kwa mwaka visikae kwako peke yako. Kama mtaa una kikundi cha kufa na kuzikana, vikabidhi kwa maandishi, ili vitumike na kila mwanakikundi na wewe uvipate siku ya haja.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kutoa sufuria ya chini bila kuondoa nyingine tatu zilizo juu yake.

## Hatua ya 3: Ingia stoo kwa tahadhari

Mahali palipokaa maboksi kwa muda mrefu huwa na kinyesi na mkojo wa panya, na vumbi lake likivutwa linaweza kuleta maradhi. Usifagie pakiwa pakavu. Fungua milango na madirisha kwa nusu saa, vaa barakoa na glavu, kisha nyunyizia mahali hapo mchanganyiko wa sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji. Uache dakika tano, halafu futa kwa tambara ambalo litatupwa.

Onyo: jiki isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo wala siki, kwa kuwa hutoa gesi inayochoma mapafu.

Toa boksi moja tu kwa wakati mmoja, nalo liamuliwe lote kabla ya kulifungua la pili. Sheria hii huonekana ya kuchosha, lakini ndiyo inayokuhakikishia kwamba ukiitwa kwa dharura saa nane mchana, sebule yako haitakuwa imejaa vitu visivyo na hukumu.

## Hatua ya 4: Gawanya katika mafungu matano

Andika kwenye viroba na maboksi: KINABAKI, FUNDI, KAZI MPYA, KINATOKA, HATARI. Kila kitu kiingie mahali pamoja tu, na kwa kila kinachoingia katika mafungu manne ya mwisho andika daftarini jina la mtu na tarehe. "Pasi, fundi wa kona, Jumatano" ni maamuzi; "pasi ya kutengeneza" si maamuzi.

Fungu linalowashinda wengi ni lile lisilo na kiroba, yaani "nitapeleka kijijini". Mzigo wa kijijini hukaa juu ya kabati mwaka hadi mwaka kwa sababu hakuna aliyeuomba na hakuna basi lililopangwa. Mpigie simu shangazi, kaka au jirani wa kule siku hiyo hiyo, umtajie vitu kimoja kimoja na umwache achague. Mara nyingi atataka blanketi na ndoo, naye hatataka makoti mazito ya mitumba wala televisheni ya kichogo. Alichokichagua kifungwe, kiandikwe jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili, na kipelekwe kituo cha mabasi ndani ya wiki moja. Alichokikataa kihamie KINATOKA.

Nyaraka zisichambuliwe siku moja na nguo, kwani zinahitaji akili iliyotulia. Hati za kiwanja, mikataba ya kupanga, vyeti na kadi za kliniki vikae kwenye bahasha za plastiki, mbali na sakafu. Risiti za mashine ya EFD, ile ya kodi inayotumika madukani, hupauka, maandishi yakatoweka kabisa, kwa hiyo zipige picha au toa nakala ukiwa bado unaweza kuzisoma. Mwenye biashara Tanzania azitunze kumbukumbu zake za kodi kwa miaka mitano.

## Hatua ya 5: Vipe vitu kazi mpya

Hapa ndipo penye faida kubwa, na pia ndipo penye mtego. Mtu huona dumu lililopasuka, akawaza kinyungu cha maua, akalihifadhi, na baada ya miezi sita ana madumu tisa na hana ua hata moja. Kwa sababu hiyo fungu la KAZI MPYA liwe kiroba kimoja tu, kazi zifanywe moja baada ya nyingine, na kitu ambacho hakijaanza kushughulikiwa ndani ya wiki mbili kiondoke.

### Matambara na dekio

Pima kitambaa kwa tone la maji. Likinyonywa papo hapo, kitambaa ni cha pamba na kitafaa kufutia. Likikaa juu na kuteleza, ni polista, kitafaa kujazia mto tu. Kata tisheti kufuata mishono, upate vipande vya mraba vyenye upana wa sentimita 30 hivi. Vifungo na zipu vitolewe kwanza na kupelekwa kwa fundi cherehani, ambaye huvihitaji. Taulo kuukuu likikunjwa mara mbili na kushonwa pembeni hutoa dekio linaloshinda mengi ya dukani.

Kanga iliyopauka isiharakishwe kuwa tambara. Ulaini wake huifaa kwa foronya, pazia la dirisha la jikoni na shuka la mtoto mchanga.

### Zulia la vitambaa

Kata nguo zilizochakaa kuwa tepe za upana wa sentimita nne, ziunganishe kwa sindano, kisha suka kwa nyuzi tatu kama unavyosuka nywele. Anza katikati, zungusha msuko huo juu ya meza, na shona kila mzunguko uungane na uliotangulia. Usishonee mapajani, kwa sababu hutaona zulia linapoanza kwenda kombo. Kingo zikiinuka kama bakuli, umeuvuta msuko mno; fumua mzunguko wa mwisho na uulegeze. Zikifanya mawimbi, umeulegeza kupita kiasi. Zulia zuri hulala sakafuni lote bila kushikiliwa, na mtu akilikanyaga halijikunji.

### Bustani ya ndoo

Ndoo ya lita 20 iliyopasuka juu bado ina nafasi ya kutosha kwa mchicha wa nyumba. Pasha msumari moto juu ya jiko la mkaa, nje, ukiwa upande upepo unakotoka ili moshi wa plastiki usikuingie, kisha toboa matundu manane chini. Changanya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche. Sia mbegu, zifunike kwa udongo mwembamba, mwagilia asubuhi. Ukimwagilia na maji yakachuruzika chini baada ya muda mfupi, umepatia; yakituama juu, ongeza mchanga au matundu.

Onyo: ndoo iliyowahi kuwa na rangi ya ukuta, dawa ya mimea au oili chafu isipandwe mboga hata ikioshwa mara ngapi.

Jihadhari pia na vyombo vinavyotuamisha maji: matairi, makopo, visahani chini ya vinyungu. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake, Aedes aegypti, hutaga katika maji kama hayo. Mayai hugandamana na ukuta wa chombo na huweza kuishi miezi mingi yakiwa makavu, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Kuta zisuguliwe kwa brashi kila wiki. Tairi litakalogeuzwa kuwa stuli au kitalu litobolewe sehemu ya chini kwanza.

### Chupa na mitungi

Mitungi ya kioo yenye vifuniko visivyo na kutu hufaa kwa iliki, bizari na dagaa. Ioshwe kwa maji moto na kukauka kabisa, la sivyo viungo vitaganda. Chupa za maji na soda zisiwekwe mafuta ya taa, jiki wala dawa yoyote. Mtoto mwenye kiu huijua chupa kwa umbo lake wala hasomi kilichoandikwa, na ajali za namna hii hutokea majumbani mwetu ilhali zingeweza kuepukwa kabisa.

### Magodoro na makabati

Sponji ya godoro iliyobonyea katikati bado huwa nzima pembeni, na hutoa mito ya viti. Kabla ya kukata, kagua mishono ya godoro kwa tochi: madoadoa meusi yaliyokusanyika ni dalili ya kunguni. Likiwa nao lisigawiwe kwa yeyote, na mashuka yaliyolala juu yake yafuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60 au zaidi.

Kabati la mbao halisi lipelekwe kwa seremala, ambaye ataligeuza kuwa rafu. La mbao za unga uliogandishwa kwa gundi lisiwekwe barazani wala bafuni, maana likilowa huvimba na skrubu hung'oka.

## Hatua ya 6: Uza vinavyouzika

Kabla ya kumwita mwenye guta la vyuma chakavu, tenganisha kwa sumaku. Inaponasa ni chuma. Isiponasa, huenda ni shaba au aluminiamu, ambazo bei yake kwa kilo ni kubwa zaidi. Ukiuza vikiwa vimechanganyika, vyote vitapimwa kwa bei ya chuma. Pima mwenyewe kwanza na uandike kilo daftarini. Usichome nyaya ili upate shaba: moshi wa plastiki yake ni sumu kwako na kwa majirani, na wanunuzi wengi huzichukua zikiwa na ganda lake.

Simu inahitaji mpangilio. Hamisha picha na namba, ondoa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako ya Google au Apple, kisha ndipo uirudishe simu katika hali ya kiwandani. Ukianza na hilo la mwisho, mnunuzi atakutana na kufuli inayodai nenosiri lako, na atarudi mlangoni. Bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, iandike katika karatasi ya mauziano pamoja na majina na sahihi za pande zote mbili, ubaki na nakala. Karatasi hiyo ni kinga yako endapo simu itatumika vibaya baadaye.

Kuhusu bei, jiulize kitu kama hicho kinauzwa kiasi gani soko la Karume au kwa fundi wa mtaani leo. Bei uliyonunulia haimhusu mnunuzi. Kisiponunuliwa kwa wiki mbili, kigawe.

## Hatua ya 7: Gawa kwa heshima

Piga simu kwanza. Vituo vya kulelea watoto, misikiti na makanisa hupokea nguo nyingi wasizozihitaji, huku wakikosa vitabu vya shule, viatu na mashuka. Uliza wanachohitaji na siku ya kupokea. Nguo zifuliwe, zipigwe pasi, viatu vifungwe jozi kwa kamba zake, na kila kifaa cha umeme kijaribiwe mbele ya mtu. Kipimo ni chepesi: ungempa ndugu yako mkononi, mchana, mbele ya watu? Kama jibu ni hapana, hicho ni tambara.

Dada anayefanya kazi nyumbani akipenda nguo apewe kwa moyo mmoja, lakini isihesabiwe katika mshahara wake wala isitajwe siku ya malipo. Hilo ni kosa linalofanywa na watu wengi wema bila kufikiri, na linamnyima mtu haki yake.

## Hatua ya 8: Fungu la HATARI

Betri ya simu iliyovimba isitobolewe, isibonyezwe, isichajiwe. Iweke ndani ya kopo la mchanga mkavu, mbali na jiko, kisha ipeleke kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Betri nyingine zifungwe selotepu kwenye ncha zake ili zisigusane. Kioo cha televisheni ya kichogo kina risasi, na taa za tyubu zina zebaki. Zote zitoke zikiwa nzima.

Dawa zilizokwisha muda zirudishwe famasi, ikiwa inazipokea. Isipopokea, zitoe kwenye pakiti, zichanganye na majivu yenye unyevu ndani ya mfuko, ufunge vizuri na utie kwenye taka siku gari linapopita. Zisichomwe wala zisimwagwe chooni. Vidonge vya antibayotiki vilivyobaki asipewe jirani, hata akieleza dalili zile zile.

## Hatua ya 9: Kagua baada ya siku 30

Fungua daftari na usome tarehe zote. Kilichopitwa na tarehe yake kisiongezewe nyingine. Kitoke siku hiyo kwa mtu wa kwanza atakayekipokea. Vitu vilivyobaki kwa mashaka viwekwe katika boksi lililofungwa selotepu na kuandikwa mwezi, na kama halijafunguliwa hadi msimu ufuatao wa mvua, liende lilivyo, ila baada ya kuhakikisha hakuna nyaraka ndani.

Ukaguzi mwingine ufanywe kila Januari, ukianzia juu ya makabati, kwa kuwa hapo ndipo mzigo mpya hujikusanya kabla ya kushuka sakafuni.